Upepo wa Turkana na Mizani ya Gridi

Umeme unaopita katika gridi ya taifa, yaani mtandao wa mitambo ya kuzalisha, njia za kusafirisha na vituo vya kupoza umeme unaoiunganisha nchi nzima, hutumiwa katika sekunde ileile unapozalishwa, na sharti hilo moja, ambalo mtumiaji wa kawaida halioni kwa sababu swichi yake humtii kila anapoibonyeza, ndilo linaloifanya kazi ya kuingiza upepo na jua katika gridi iwe ngumu kuliko kazi ya kuijenga mitambo yenyewe. Kiwanda kinapowashwa Thika asubuhi, lazima pawe na jenereta mahali fulani inayoongeza nguvu kwa kiasi hichohicho, na kinapozimwa jioni lazima pawe na mtambo unaopunguza. Mizani hiyo hupimwa kwa masafa, yaani idadi ya mizunguko ambayo mkondo geu wa umeme huikamilisha kila sekunde. Katika Afrika Mashariki idadi hiyo ni 50, nayo husemwa kuwa hezi 50. Uzalishaji ukizidi matumizi masafa hupanda, matumizi yakizidi uzalishaji hushuka, na yakishuka mno vifaa vya ulinzi huanza kuikata mitaa mizima bila kungoja amri ya mtu, ili mitambo isiharibike na gridi yote isianguke.

Kwa miongo mingi waendeshaji wa gridi waliitunza mizani hii kwa kuyafuata matumizi, ambayo hubadilika kwa utaratibu unaojulikana: watu huamka, hupika, huenda kazini, hurudi na kuwasha taa, na mtambo wa maji au wa mvuke hufunguliwa au kubanwa kulingana na mwenendo huo. Upepo na jua vimeleta mabadiliko upande wa pili wa mizani, kwa kuwa sasa hata uzalishaji una mwenendo wake ambao hauulizi saa wala mahitaji. Hilo peke yake si balaa, ingawa mara nyingi huelezwa hivyo na wale wasiovipenda vyanzo hivi; ni kazi ya ziada inayohitaji vifaa, maji, nyaya, hesabu na fedha, na mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo ni Kenya, nchi ambayo sehemu takribani tisa kati ya kumi za umeme wake hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua.

Mitambo ya upepo iliyounganishwa katika gridi ya Kenya ina uwezo wa jumla wa takribani megawati 435, na zaidi ya thuluthi mbili ya uwezo huo iko mahali pamoja, Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya kampuni ya Lake Turkana Wind Power, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, imesimama huko kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, ikitoa kwa pamoja hadi megawati 310. Uteuzi wa mahali hapo haukuwa wa kubahatisha. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi kuelekea bara hubanwa katika uwazi uliopo baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, nayo ikibanwa huongeza kasi, hata wastani wa mwaka ukafikia kiasi cha mita 11 kwa sekunde, jambo ambalo ni nadra duniani kwa upepo wa nchi kavu. Tena uelekeo wake haubadilikibadiliki: karibu mwaka mzima hutoka kusini-mashariki, kiasi kwamba mitambo imepangwa kwa safu zinazouelekea upande huo tu.

Kasi hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya kanuni ya fizikia ambayo wasiohusika na kazi hii hawaifahamu sana, kwamba nguvu iliyomo katika upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo ukipungua kasi kwa nusu, nguvu inayobaki si nusu bali ni moja ya nane. Kwa hiyo kosa dogo la kutabiri hali ya hewa huwa kosa kubwa la kukadiria umeme: utabiri ulioikosea kasi kwa sehemu moja ya kumi unaweza kuukosea umeme kwa karibu sehemu tatu za kumi, isipokuwa pale ambapo upepo umekwisha kuvuka kiwango ambacho mtambo hutoa uwezo wake wote, kwani kuanzia hapo umeme hauongezeki tena hata upepo ukivuma kwa kishindo. Ndiyo maana waendeshaji wa gridi zenye upepo mwingi hununua utabiri wa saa hadi saa, wakausahihisha mara kadhaa kwa siku, na kuutumia kuamua ni mitambo gani mingine iwekwe tayari.

Tatizo la kwanza la Loiyangalani, hata hivyo, halikuwa upepo bali waya. Upepo bora wa Kenya huvuma mamia ya kilomita kutoka Nairobi na miji mingine inayotumia umeme mwingi, hivyo ilibidi ijengwe njia ya kusafirisha umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa katika kaunti ya Narok. Mitambo ilikamilika mwaka 2017; njia haikukamilika hadi Septemba 2018, baada ya mkandarasi wa kwanza, kampuni ya Isolux ya Uhispania, kufilisika na kazi kukabidhiwa kampuni za China. Katika kipindi hicho mapanga ya mitambo yalikuwa tayari na upepo ulivuma kama kawaida, lakini hapakuwa na pa kuupeleka umeme, na kwa kuwa mkataba uliihesabia serikali dhamana ya kuchelewa kwa njia, Kenya ililazimika kukubali fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote. Nchi nyingi zimepitia njia hiyohiyo, China na Ujerumani zikiwemo, kwa sababu shamba la mitambo ya upepo huweza kujengwa kwa miaka miwili, ilhali njia ya umeme hukata ardhi za watu mamia kwa maelfu na kila mmoja ana haki ya kusikilizwa na kulipwa.

Uko uchungu mwingine katika njia hiyo unaostahili kutajwa japo kwa ufupi. Nyaya hizo hupita juu ya vijiji na malisho ya Samburu na Marsabit ambavyo havina umeme, na wenyeji wamekuwa wakiuliza, kwa haki, kwa nini wasipewe hata kidogo. Jibu la kitaalamu ni kwamba umeme wa msongo mkubwa kiasi hicho hauwezi kuchotwa njiani bila kituo cha kupozea chenye transfoma za gharama kubwa, ambazo hazilipwi na wateja wachache waliotawanyika. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, maana uamuzi wa kutojenga kituo ni wa kibajeti, na fizikia haiamui bajeti.

Njia ilipounganishwa na mradi kuzinduliwa rasmi Julai 2019, tatizo la pili lilijitokeza, nalo ni la saa. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, wakati ambapo Kenya imelala na matumizi yameshuka hadi kukaribia nusu ya kilele cha jioni, kilele ambacho mapema mwaka 2025 kilikuwa kimevuka megawati 2,300. Saa hizo hizo mitambo ya jotoardhi ya Olkaria inataka kuendelea kufanya kazi, kwa sababu kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la maji. Mvuke ukisimamishwa mara kwa mara kisima na mabomba huathirika, kwa hiyo usio na kazi huachiwa hewani. Msimamizi wa gridi hujikuta akichagua baina ya kupunguza upepo usio na gharama ya mafuta na kumwaga mvuke usio na gharama ya mafuta. Mikataba huongeza utata, kwani mwenye mtambo wa upepo hulipwa hata kwa umeme alioambiwa asiuzalishe, na gharama hiyo hatimaye huingia katika ankara ya mteja.

Jua lina kasoro iliyo kinyume chake. Mitambo mikubwa ya sola nchini Kenya, kuanzia ule wa Garissa wenye megawati 50 uliozinduliwa mwaka 2019 hadi ile ya Malindi na ya karibu na Eldoret, hutoa umeme mwingi adhuhuri na kuuondoa wote ifikapo saa kumi na mbili na nusu jioni, saa moja au mbili tu kabla ya kilele cha matumizi, ambacho huwa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Kwa hiyo megawati ya jua haipunguzi hata kidogo idadi ya mitambo mingine inayohitajika jioni. Inachopunguza ni mafuta na maji yanayotumika mchana. Tofauti hiyo husahauliwa mara nyingi na wanaolinganisha bei za umeme wa vyanzo mbalimbali kana kwamba uniti ya adhuhuri na uniti ya saa mbili usiku ni kitu kimoja.

Hapo ndipo maji yanapoonyesha thamani yake. Mto Tana una mabwawa matano yaliyofuatana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo kwa pamoja yana uwezo wa takribani megawati 600, na la juu kabisa, Masinga, lililokamilika mwaka 1981, huhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu likijaa. Mtambo wa maji unaweza kuongezwa au kupunguzwa nguvu kwa sekunde chache ukiwa tayari unazunguka, na kuwashwa kutoka kimya kwa dakika chache tu. Upepo unapovuma usiku, au jua linapowaka Garissa, lango la bwawa hubanwa na maji hubaki yalipo. Upepo ukitulia au jua likitua, maji yaleyale hufunguliwa. Umeme wa upepo haukuhifadhiwa, lakini matokeo ni yaleyale kana kwamba ulihifadhiwa, tena bila kununua betri hata moja. Kenya ililipata funzo la kinyume mwaka 2000, wakati ukame ulipoyakausha mabwawa na nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme, kwani wakati huo maji ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Leo jotoardhi na upepo huyapa mabwawa nafasi ya kupumua, na mabwawa nayo huufidia upepo unapoyumba. Kutokana na hilo, swali la kama upepo unategemeka haliwezi kujibiwa kwa kuutazama upepo peke yake.

Hata hivyo maji hayawezi kuokoa kila kitu, hasa kinachotokea ndani ya sekunde kumi za kwanza za hitilafu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, saa tatu na dakika arubaini na tano, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na baadhi ya maeneo hayakurudishiwa umeme hadi siku iliyofuata. Kampuni ya usambazaji, Kenya Power, ilisema kwamba gridi iliupoteza ghafla uzalishaji wa Loiyangalani, kiasi cha megawati 270, na pengo hilo likaivuta mitambo mingine kuzimika. Kampuni ya Lake Turkana Wind Power ilijibu kwamba mitambo yake ilijitenga ili isiharibiwe na volteji iliyokuwa imepanda kupita kiasi katika gridi yenyewe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Septemba 2024 saa mbili na dakika hamsini na sita asubuhi, njia ya Loiyangalani ilijikata pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288, na mara njia ya umeme kutoka Ethiopia, iliyokuwa ikileta megawati 200, nayo ikajikata. Gridi ikawa imepoteza megawati 488 kwa mkupuo.

Mjadala wa hadharani uliofuata ulielekea kuulaumu upepo, na hapo ulipotea njia. Katika tukio la pili upepo ulikuwa ukivuma na mitambo ikizalisha. Kilichokatika ni njia. Lau mahali pa mitambo ile pangekuwa na mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 288 uliounganishwa kwa njia hiyohiyo moja, matokeo yangekuwa yaleyale. Kanuni inayofuatwa na waendeshaji wa gridi kote duniani ni kwamba mfumo uwe na uwezo wa kustahimili kupotea kwa kifaa chake kikubwa kuliko vyote, kiwe jenereta, transfoma au njia, bila wateja kukatiwa umeme, na ili kanuni hiyo itimie lazima iwepo akiba ya uzalishaji inayozunguka tayari, iliyo sawa na ukubwa wa kifaa hicho. Katika gridi ya Ujerumani, megawati 300 hazitikisi chochote. Katika gridi yenye matumizi ya megawati 1,800 hivi, kiasi hicho ni sehemu moja ya sita ya vyote, na akiba ya kukifidia hugharimu fedha kila saa hata isipoguswa. Kenya ilikuza kifaa chake kikubwa haraka kuliko ilivyokuza akiba yake, na huo ndio msingi wa jambo hili.

Kwa nini sekunde za mwanzo ziwe na uzito hivyo, jibu limo katika vyuma vinavyozunguka. Jenereta za Gitaru au Olkaria zina rota za tani nyingi zinazozunguka kwa mwendo uliofungamana na masafa ya gridi, na uzalishaji mahali pengine unapopotea, rota hizo haziwezi kupunguza mwendo papo hapo, kama vile jahazi lenye shehena linavyoendelea kusonga hata baada ya tanga kushushwa. Katika kupungua kwao polepole hutoa nishati iliyokuwa katika mzunguko na kuipa gridi muda wa kupumua hadi magavana ya mitambo, yaani vidhibiti vya mwendo, yafungue maji au mvuke zaidi. Tabia hiyo ya kitu kizito kuyakataa mabadiliko ya mwendo wanafizikia huiita inesha. Paneli za sola hazina kitu kinachozunguka, na mitambo mingi ya upepo, ingawa mapanga yake huzunguka, huunganishwa na gridi kupitia vifaa vya elektroniki vinavyotenganisha mwendo wa mapanga na masafa ya gridi. Kila mtambo wa aina hiyo unapochukua nafasi ya jenereta nzito, inesha ya gridi hupungua, na masafa huporomoka kwa kasi zaidi pakitokea hitilafu.

Australia Kusini ililipia somo hili mapema. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo 23 za njia kuu za umeme katika jimbo hilo, volteji ikayumba mara kadhaa ndani ya dakika mbili, na mashamba tisa ya upepo yakapunguza uzalishaji kwa megawati 456 katika sekunde chache. Uchunguzi ulibaini kwamba mitambo ile ilikuwa imewekewa kikomo cha idadi ya misukosuko ambayo ingevumilia kabla ya kujiondoa, kikomo ambacho waendeshaji wa gridi hawakukijua. Njia iliyounganisha jimbo na Victoria ikazidiwa na kujikata, na wateja wapatao 850,000 wakakosa umeme. Serikali ya jimbo haikurudi nyuma. Kikomo kile kilibadilishwa, betri ya Hornsdale yenye megawati 100 ikawashwa kabla ya mwisho wa mwaka 2017, na mwaka 2021 zikafungwa mashine nne kubwa ambazo hazizalishi umeme wowote, bali huzungushwa na gridi yenyewe zikiwa zimeongezewa magurudumu mazito, ili tu pawe na uzito unaozunguka. Huenda ikaonekana ajabu kulipia mashine isiyozalisha kitu, lakini kwa hesabu ya gridi uzito huo ni huduma kamili, na kabla ya hapo ulikuwa ukitolewa bure na mitambo ya zamani bila mtu kuandika mahali popote kwamba unatolewa. Leo zaidi ya thuluthi mbili ya umeme wa jimbo hilo hutokana na upepo na jua.

Elektroniki nazo zimeanza kufundishwa adabu. Kifaa kinachogeuza mkondo mnyoofu wa paneli au betri kuwa mkondo geu wa gridi huitwa inveta, na inveta nyingi zilizopo husikiliza masafa ya gridi kwanza kisha huyafuata, hivyo gridi ikiyumba nazo hupotea. Inveta za kizazi kipya huweza kuyaunda masafa zenyewe na kuyashikilia, ili vifaa vingine vizifuate. Tofauti hiyo ni ya programu kuliko ya chuma, na gharama yake ni ndogo ikiwekwa katika masharti ya zabuni tangu mwanzo. Kuidai baada ya miaka kumi ni ghali.

Masafa si kitu pekee kinacholindwa. Volteji nayo lazima ikae ndani ya mipaka, na tofauti na masafa, ambayo ni mamoja nchi nzima, volteji hutofautiana kutoka kituo hadi kituo na hutibiwa palepale inapougua. Njia ndefu yenye mzigo mdogo, na ile ya Loiyangalani ni mfano kamili upepo unapopungua, huwa na tabia ya kuipandisha volteji upande wake wa mbali, hivyo huhitaji koili kubwa za kuishusha na vifaa vya kuirekebisha kila dakika. Tarehe 28 Aprili 2025 Uhispania na Ureno zilizimika mchana, katika muda wa sekunde chache, siku ambayo jua lilikuwa likitoa sehemu kubwa ya umeme, na wengi wakaharakisha kusema kuwa jua ndilo lililoangusha gridi. Uchunguzi wa serikali ya Uhispania uliotolewa Juni mwaka huo ulionyesha kwamba volteji ilipanda bila kudhibitiwa, na kwamba uwezo wa kuidhibiti siku hiyo haukutosha, ikiwa ni pamoja na mitambo ya kawaida ambayo ilikuwa ikilipwa kwa kazi hiyo na haikuifanya ipasavyo.

Gridi ndogo ina njia moja ya kupata ukubwa bila kujenga mitambo zaidi, nayo ni kuungana na jirani. Denmark, ambayo hupata takribani nusu ya umeme wake kwa upepo, isingeweza kufanya hivyo bila nyaya zinazoiunganisha na Norway, nchi ya mabwawa: upepo ukizidi huuzwa kaskazini na maji ya Norway hubaki bwawani, upepo ukipungua maji hurudishwa kwa umbo la umeme. Afrika Mashariki inaelekea huko kwa miguu yake. Njia ya kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa ilianza kuiletea Kenya umeme wa maji mwishoni mwa mwaka 2022, na njia ya kilovolti 400 inayopita Namanga iliunganisha gridi za Kenya na Tanzania Desemba 2024, miezi michache kabla ya mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Julius Nyerere kukamilika katika Mto Rufiji na kulifikisha bwawa hilo kwenye uwezo wake wa megawati 2,115. Kwa kutazama ramani, upepo wa usiku wa Turkana na maji ya Rufiji yanafaa kuwa washirika kama wa Denmark na Norway.

Ushirika huo una masharti yake. Njia ya Ethiopia ni ya mkondo mnyoofu, unaosafiri mbali bila kupoteza umeme mwingi lakini hauzifungamanishi rota za nchi mbili, kwa hiyo Kenya hupata megawati bila kupata inesha, na tukio la Septemba 2024 lilionyesha kuwa njia hiyo yenyewe ni kifaa kikubwa kinachohitaji akiba. Njia ya Tanzania ni ya mkondo geu, nayo huzifanya rota za mabwawa ya Mtera, Kidatu na Rufiji zizunguke sambamba na zile za Tana, faida kubwa ambayo huja na hatari yake, kwani msukosuko wa upande mmoja huhisiwa mara moja upande wa pili. Tanzania, ambayo umeme wake wa upepo ni mchache sana hadi sasa na ambayo inajenga mtambo wake mkubwa wa kwanza wa sola Kishapu mkoani Shinyanga, ina bahati ya kuyajifunza haya kabla ya kuyahitaji.

Kuna pia jua lisiloonekana. Viwanda, mashamba ya maua, hoteli na vyuo nchini Kenya vimefunga paneli juu ya mapaa yao, Chuo Kikuu cha Strathmore kikiwa miongoni mwa vya mwanzo mwaka 2014 kwa kilowati 600, na umeme huo hautokei katika skrini za kituo cha kuongoza gridi cha Juja Road, Nairobi. Kinachoonekana huko ni matumizi yaliyopungua mchana na kurudi kwa ghafla jioni au wingu likipita. Betri zitasaidia hapo. Betri kubwa hujibu kwa sehemu ya sekunde, haraka kuliko lango lolote la bwawa, na kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen imepanga kufunga yenye megawati 100. Itafaa sana kuziba pengo la dakika za mwanzo na kusogeza umeme wa adhuhuri hadi saa mbili usiku. Haitafaa kuubeba msimu mzima wa ukame, kazi ambayo bado ni ya mvuke na bwawa.

Kinachobaki ni kuyasogeza matumizi yenyewe, jambo lililo rahisi kuliko yote kiufundi na lililochelewa kuliko yote. Tangu Desemba 2017 viwanda vya Kenya vimeweza kupata nusu bei kwa umeme wa ziada vinaoutumia usiku wa manane, na bei zilizopitishwa mwaka 2023 ziliweka kiwango maalumu cha kuchaji vyombo vya umeme ambacho nacho hushuka usiku. Bodaboda inayochajiwa saa nane usiku hutumia upepo ambao vinginevyo ungelipiwa bila kutumika, na pampu ya maji au jokofu kubwa la samaki linaweza kupangiwa saa hizo bila mtu kudhurika. Mikataba ijayo ya upepo na jua itakapoandikwa, itabidi iseme waziwazi bei ya kila huduma: uniti ya umeme kulingana na saa yake, megawati inayokaa tayari bila kutumika, volteji inayotunzwa mbali na mji, na uzito unaozunguka, kwa kuwa mwekezaji hujenga kile alicholipwa kukijenga, na mkataba wa Loiyangalani, ambao ni wa miaka 20, ulilipia uniti tu.